Kivuko changu cha gari kiliziba mtaro, maji yakaingia kwa jirani. Nikijenge upya vipi kwa halali?

Mwalimu Mstaafu (Mtwara, Ufukoni)

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Mtwara mjini, kata ya Ufukoni. Nyumba nimeijenga kwa kiinua mgongo, vyumba vitatu na uzio wa matofali, nikahamia mwaka 2021. Wakati ule mbele ya geti kulikuwa na njia ya mchanga tu, gari linaingia linavyotaka. Mwaka juzi barabara ya mtaa ikachongwa, ikamwagwa moramu, na upande wangu ukachimbwa mtaro wa udongo, kina chake kinanipita goti kidogo. Tulifurahi sana, maana kabla ya hapo mvua ikinyesha bajaji zilikuwa zinagoma kuja huku. Ila geti langu likabaki ng'ambo ya mtaro.

Kijana wangu ana kirikuu anasambazia soda madukani, ikawa inalala nje. Nikamwita fundi aliyenijengea uzio. Akaniambia, Mwalimu, hii kazi ya siku moja. Akalaza bomba moja la plastiki la inchi 4, akashindilia vipande vya matofali yaliyobaki, akamwaga zege juu, upana kama hatua nne. Jioni kirikuu ikaingia ndani, nikamlipa, nikashukuru. Kibali sikuomba. Sikujua kama kinaombwa. Nilidhani pale mbele ya geti ni kwangu, kwa kuwa nimepafagia kila asubuhi tangu nihamie.

Mwezi wa pili mwaka huu ikanyesha usiku kucha. Jirani yangu wa upande wa chini ni bibi mtu mzima, anaishi na wajukuu wawili, nyumba yake ni ya siku nyingi na sakafu iko chini kidogo ya barabara. Saa 10 alfajiri nikasikia watoto wanaita. Natoka na tochi, naona maji yamejaa mtaroni mpaka kwenye kivuko changu, yamekosa pa kupita, yameruka, yanateremka moja kwa moja uwanjani kwa bibi. Niliingiza mkono kwenye mdomo wa bomba mpaka begani. Nikatoa majani ya mkorosho yaliyogandamana, vifuu viwili, ndala ya mtoto na mfuko wa saruji. Ule mfuko niliutambua, ulikuwa wa kwangu, wa siku ile ya ujenzi.

Nilikuwa nimeshachelewa. Ndani kwake maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Gunia la makopa lilikuwa limelowa lote, pamoja na debe mbili za mbaazi zilizokuwa chini ya kitanda, chakula cha kuwavusha mpaka mavuno. Hadi leo ukutani pana mstari wa tope. Ukienda kumsalimia unauona kabla hujakaa.

Bibi hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, hapa maji yalikuwa yanapita." Neno hilo limeniuma kuliko angenitukana.

Wiki iliyofuata mwenyekiti wa mtaa alikuja na mtendaji, wakanipa barua ya kuondoa kizuizi ndani ya siku 14. Siku ya tano nilikuwa nimeshakivunja. Sasa mtaro uko wazi na kirikuu inalala nje tena. Nataka kujenga kivuko cha kweli, mara moja, kabla mvua hazijarudi mwezi wa 11. Naomba anayejua anisaidie: lile eneo kati ya geti na barabara ni la nani hasa? Kibali naomba wapi na napeleka nini? Nitumie kalavati (lile bomba nene la zege) au zege la kufunika, na ukubwa gani?

Kuna na jambo la pili. Nyuma yangu kuna kiwanja kisichogusa barabara. Mwenyewe ana bajaji, anapitia pembeni mwa uwanja wangu tangu kabla sijajenga uzio, nami nilimwachia uwazi wa kupita. Atakitumia kivuko hicho hicho. Je, kisheria hili likoje, na mchango wake ni halali kuuomba?

Fundi wa Mitaro (Lindi)

Shikamoo Mwalimu, na poleni, wewe na bibi. Nimefanya kazi za barabara katika mikoa hii miwili kwa miaka 19, nyingi zikiwa za mitaro na makalavati, kwa hiyo nitajibu kwa urefu, univumilie.

Nianze na ardhi. Kati ya ukuta wako na barabara si pako. Kiwanja chako kinaishia kwenye bikoni, yaani zile alama za mpaka za wapimaji, na kutoka hapo mpaka bikoni za wanaokutazama ng'ambo ni eneo la barabara. Humo mna njia ya magari, mitaro, nafasi ya waenda kwa miguu, nguzo za umeme na mabomba ya maji. Una haki ya kupita juu yake kuingia kwako, na kupafagia ni jambo jema, lakini kujenga chochote ni mpaka mwenye barabara akuruhusu. Barabara za mitaa mijini zinasimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Mwenye nyumba kando ya barabara ya kuja huku Lindi, mathalani pale Mangamba au Mikindani, akienda TARURA anapoteza nauli.

Na huyo wa barabara kuu ana jambo zito zaidi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ndiyo iliyoleta upanuzi wa hifadhi ya barabara kuu na za mkoa, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kuanzia katikati ya barabara. Zile alama za X mnazoziona kwenye kuta zinatokana na hapo. Nyekundu ni ya aliyeifuata barabara, yaani aliyejenga ndani ya hifadhi iliyokuwepo tayari. Kijani ni ya aliyefuatwa na barabara baada ya upanuzi, na huyo ana haki ya fidia eneo lake likitwaliwa. Kwa barabara ya mtaa kama yako usiitumie mita 30. Upana wake umeandikwa kwenye mchoro wa mipango miji wa eneo lenu. Nenda idara ya ardhi ya manispaa na namba ya kiwanja, watakuonyesha barabara ina mita ngapi na ukuta wako umekaa wapi. Usiridhike na hatua za fundi, nimeona kuta zimeingia barabarani mita nzima na mwenye nyumba hana habari.

Kuhusu kibali, watu wanaokuja kwangu huwa nawaelekeza hivi. Andika barua kwa meneja wa TARURA wa wilaya, ianze kwa mtendaji wa mtaa aigonge mhuri. Ambatanisha nakala ya hati au ofa, na mchoro wenye vipimo: geti liko wapi, mtaro una upana na kina gani, nguzo iliyo karibu iko umbali gani. Mchoro wa mkono na rula unatosha kuanzia mazungumzo. Kitu muhimu ni mtu wao aje kuona mteremko kwa macho, kwa sababu yeye ndiye ana neno la mwisho kuhusu ukubwa. Kabla hujachimba, waulize MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara, kama bomba lao linapita hapo. Kupasua bomba la maji la mtaa mzima ni kesi nyingine.

Sasa ujenzi wenyewe. Bomba la inchi 4 ni milimita 100. Kalavati tunazozoea kuweka kwenye maingilio ya nyumba zina kipenyo cha milimita 600. Usione ni mara sita tu. Kipenyo kikiwa mara sita, tundu la kupitishia maji linakuwa mara 36. Yaani ungehitaji mabomba 36 ya yule fundi kulingana na kalavati moja, na bado kila moja lingezibwa na kifuu kimoja.

Ila kwako kalavati naiona haitakaa. Umesema kina kinapita goti kidogo, tuseme sentimita 60. Kalavati ya 600 pamoja na unene wa kuta zake ni zaidi ya sentimita 70, na juu yake inataka udongo ulioshindiliwa kama sentimita 30 ili gurudumu lisiipasue. Ukiilaza hapo itatokeza, utapata mgongo mbele ya geti, kirikuu itagusa chini, na maji ya barabarani yatagonga ule mgongo na kugeuka. Mafundi wengi wakifika hapo wanachukua bomba dogo zaidi ili liingie. Ndivyo balaa linavyoanza.

Kwako jenga kuta mbili fupi za matofali ya saruji au mawe kwenye kingo za mtaro, nafasi ya wazi katikati sentimita 60, sakafu ya zege nyembamba chini iende sawa na sakafu ya mtaro, isipande hata kidogo. Juu funika kwa vipande vya zege vinavyoinuliwa, usimwage zege moja zima. Kila kipande kiwe na upana wa nusu mita, urefu wa mita 1 (kitakaa sentimita 20 juu ya kila ukuta), unene sentimita 15. Kipande hicho kina uzito wa kilo 180 hivi, watu wanne wanakiinua kwa ndoano ulizoacha za nondo. Mvua zikikaribia unainua viwili, unaingiza koleo, unasafisha, unarudisha. Ukimwaga zege moja, siku likizibwa utaingiza mkono mpaka begani kama ulivyofanya.

Geti la mita 4 linataka vipande 10, ili upate nusu mita ya ziada kila upande gari likikata kona. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), vipande hivyo vinakula mifuko 5 hivi ya saruji, kuta na sakafu ni mbali. Nondo kuu za milimita 12, umbali wa sentimita 15, kwa vipande hivyo zinatosha nondo 4 ndefu, pamoja na nyembamba za kufungia. Hiyo ni kwa kirikuu na gari dogo. Fuso ikitaka kuingia kushusha tofali, mwambie ashushe nje, au mtu wa barabara akupe hesabu nyingine.

Simamia mambo mawili wewe mwenyewe, Mwalimu, usimwachie fundi. Nondo kuu zilale kuvuka mtaro, kutoka ukuta hadi ukuta, na zikae upande wa chini wa zege, zimeinuliwa sentimita 3 au 4 kutoka kwenye mbao kwa vijiwe vya zege. Chukua muhogo mbichi, uweke ncha zake juu ya matofali mawili, ukanyage katikati. Unapasukia chini. Zege nalo ni hivyo hivyo, na nondo ndiyo inayoshika pale panapotaka kupasuka. Nimevunja vivuko vingi ambavyo nondo zilikuwa juu, zinang'aa kama mpya, hazijafanya kazi siku hata moja.

La pili ni mchanga. Usikubali mchanga wa ufukweni hata ukiletewa bure. Una chumvi, na chumvi inakula nondo kutoka ndani. Miaka michache utaona mstari wa kutu unatokeza, halafu zege linabanduka kama ganda. Nunua mchanga wa bara, na maji ya kuchanganyia yawe ya bomba. Wenye nyumba za Shangani na sisi wa Lindi chini tunalijua hili kwa hasara.

Geti lifunguke kwa ndani. Likifunguka nje linafungukia kwenye eneo la barabara, na mtoto anayepita shule ndiye linayempiga.

Mkazi wa Mtanda (Lindi)

Mwalimu, mimi naandika kutoka upande wa bibi.

Anayeijua Lindi anajua tulivyokaa kwenye mteremko, maji ya juu yote yanapita kwetu yakitafuta bahari. Jirani yangu wa juu alitandaza vitofali vya pevingi uwanja mzima, kutoka varanda mpaka geti, kazi nzuri kwa kuitazama. Hakuacha hata shina moja la mti. Zamani mvua ya nusu saa ilikuwa inanyonywa na mchanga wake, sasa dakika tano tu maji yanatoka getini kwake kama yamefunguliwa. Mwaka 2024, zile mvua za mwezi wa nne na wa tano, wakati barabara ya Dar es Salaam ilipokatika kule Kilwa, nililala siku tatu na godoro juu ya meza. Nilipokwenda kwake aliniambia yeye amejenga ndani ya uzio wake. Kweli ni ndani ya uzio wake, lakini maji hayakubaki ndani ya uzio wake.

Kwa hiyo kabla ya barua ya TARURA, nenda kwa bibi. Usimpelekee pesa mkononi kama unayelipa faini. Peleka gunia la makopa na debe mbili za mbaazi, kitu kwa kitu, ufuatane na mtu mzima mmoja wa mtaani. Na ule mstari wa tope mpakie chokaa. Mimi wangu nilikaa nao mwaka mzima, kila mgeni akiuona narudia hadithi ile ile, na kila nikiirudia nachukia upya.

Nipo Chuno (Mtwara)

Nijibu lile la kiwanja cha nyuma, kwa sababu limenikuta.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitambua haki ya njia, yaani kiwanja kimoja kupitishia watu au chombo juu ya kingine, na inaweza kuandikwa na kusajiliwa ikaonekana kwenye kumbukumbu za viwanja vyote viwili. Ikisajiliwa, hata wewe ukiuza, anayenunua anaikuta. Ikibaki ya mdomo, leo mnapatana, kesho watoto wenu hawapatani. Mimi nilipitisha kwa mdomo miaka 9. Mzee wa mbele yangu alipofariki, warithi wakaweka mti wa kupandisha na kushusha na kunidai kila nikiingiza pikipiki.

Nilianza Baraza la Kata. Watu wajue, siku hizi Baraza la Kata linapatanisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa linakupa hati kwamba upatanishi umeshindikana, ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sisi tulipatana hapo hapo kata. Tuliandikiana: upana wa njia mita 2.5, ni kwa pikipiki, bajaji na gari dogo, hakuna kuegesha njiani, matengenezo nusu kwa nusu. Ile "hakuna kuegesha" ndiyo iliyotuokoa. Ugomvi wetu haukuwa kupita, ulikuwa mtu kuacha chombo katikati ya njia na kwenda kulala.

Mchango omba, ni halali kabisa, lakini uandikwe unahusu nini. Asije akasema kesho kwamba kachangia kivuko basi na geti ni lake. Na kama mtaa wenu uko kwenye urasimishaji, yaani kupimiwa na kumilikishwa viwanja vilivyojengwa bila kupimwa, wahi kabla ramani haijafungwa, mwambie mpimaji njia hiyo ionekane kwenye mchoro. Ikishafungwa, kuifungua ni safari.

Na msimu wa korosho ukifika utaona. Kuanzia mwezi wa 10 mafuso yanaegesha popote, na kivuko kipya kilichonyooka ni mahali pazuri pa kugeuzia. Weka mawe mawili yaliyopakwa chokaa pembeni, juu ya kuta, yasiwe barabarani.

Mmakonde wa London

Salamu kutoka huku Uingereza, nyumbani ni Naliendele.

Nimesoma nikakumbuka yaliyonipata nilipotaka kuegesha gari mbele ya nyumba huku. Kuna njia ya waenda kwa miguu kati ya nyumba na barabara, na ukingo wake umeinuka. Huwezi kuupitisha gari hata kama mbele ya nyumba ni kwako, unaomba halmashauri ya eneo, nao wanakagua kama gari litaenea bila kutokeza, halafu ukingo unashushwa na mafundi waliokubaliwa, kwa gharama yako. Nilikataliwa mara ya kwanza kwa sababu ya mti wa barabarani.

Kilichonishangaza zaidi ni kuhusu alichosema dada wa Mtanda. England, tangu mwezi wa 10 mwaka 2008, ukitaka kusakafia bustani ya mbele zaidi ya mita za mraba 5 kwa kitu kisichonyonya maji, na maji yake yanakwenda barabarani, lazima uombe kibali. Ukitumia kokoto au vitofali vyenye nafasi ya kunyonya, au ukayaelekeza maji kwenye majani ndani ya eneo lako, hauombi. Ilikuja baada ya mafuriko ya mwaka 2007, mitaro ya miji ilipozidiwa.

Mwalimu, sisi mchanga wa Mtwara unanyonya kuliko udongo wa mfinyanzi wa huku. Kama unafikiria pevingi, weka mistari miwili tu ya magurudumu, katikati uache mchanga na majani.

Mwalimu Mstaafu (Mtwara, Ufukoni)

Nimerudi, ni wiki ya sita sasa. Asanteni kwa moyo wote, nimeyanakili majibu yenu kwenye daftari.

Nilianza kwa bibi. Nilikwenda na mama mmoja tunayesali naye, tukabeba makopa na mbaazi, na chokaa ndoo moja. Kijana wangu ndiye aliyepaka. Bibi alikaa mlangoni kwenye mkeka akamwelekeza, "Hapo bado, hapo juu ya kabati." Alipomaliza tukanywa chai. Sikuomba msamaha kwa maneno mengi kwa sababu koo lilinibana, nilimshika tu mkono. Dada wa Mtanda, Mungu akulipe, na huyo jirani yako naomba asome hapa.

Idara ya ardhi nimekwenda mara mbili. Barabara yetu kwenye mchoro ina mita 12, na ukuta wangu uko ndani ya bikoni kwa sentimita 40, nikashukuru sana. Barua niliipeleka, wiki ya tatu akaja kijana mmoja na utepe wa kupimia na kamba. Aliingia mtaroni kwa viatu vyake, akapima kwangu, kisha akashuka mpaka kwa bibi na nyumba mbili chini zaidi. Akakubali kuta mbili na vipande vya kuinua, ila nafasi ya wazi ameiongeza hadi sentimita 70, kwa sababu huko juu kuna mtaro mwingine utaunganishwa na huu. Akaandika na kiwango cha juu ya kivuko: kiwe chini ya ukingo wa barabara kwa sentimita 5. Alinieleza kwamba siku maji yakizidi, yapite juu ya kivuko yarudi mtaroni, yasiende kwa mtu. Hilo nilimwomba aliandike kwa herufi kubwa.

Jirani wa nyuma tumeandikiana mbele ya mtendaji, mita 2.5, bila kuegesha. Yeye amechangia nondo.

Swali moja limebaki. Fundi mpya (yule wa kwanza sikumwita) anasema tukimwaga vipande Jumamosi, Jumatano kirikuu inapita. Kijana wangu anamuunga mkono kwa sababu amechoka kulala na wasiwasi wa gari. Ni kweli? Na kama nafasi imekuwa 70, vipande vibaki mita 1?

Fundi wa Mitaro (Lindi)

Mwalimu, mtu aliyekuja na kamba akashuka mpaka nyumba mbili chini, huyo mshike namba yake.

Vipande viwe mita 1 na sentimita 10, ili vipate sentimita 20 kila upande. Uzito utakuwa kilo 200 kasoro kidogo, bado wanne wanaweza. Nondo na unene vibaki vile vile.

Jumatano hapana. Zege siku ya nne lina sura ya ugumu, nguvu bado. Vimwagieni uwanjani chini ya kivuli, si juu ya mtaro, vifunike kwa magunia yaliyolowa, umwagie maji asubuhi na jioni siku 7 bila kuruka hata moja. Jua la mwezi wa saba lina upepo wa kusini unaokausha zege usoni huku ndani bado bichi. Siku ya 14 mviinue na kuvipanga juu ya kuta. Magurudumu siku ya 28. Kijana akilalamika mpe kazi ya kumwagia maji, akivihudumia mwezi mzima hatavikanyaga mapema.

Na kabla hamjavipanga, ingia mtaroni uokote mifuko yote ya saruji.

Mwalimu Mstaafu (Mtwara, Ufukoni)

Mitano. Nitaihesabu mmoja mmoja.